Alama Moja Iliyobaki

Utrecht, 12 Januari 2025

Mpendwa Aabo,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mama yangu Hooyo, na bibi yangu ayeeyo na magoti yake, na ndugu zangu Ilhan na Keynan. Mimi sijambo, isipokuwa baridi, ambayo huku haimwonei haya hata aliyevaa makoti mawili.

Nasikia mnara wa simu wa Tarbaj bado uko chini tangu ulipolipuliwa. Basi nafanya ulivyoniagiza: naandika ndefu, mara moja, nawe utaisoma jirani yetu Alio atakapoirudisha simu yako kutoka Wajir anakoipeleka kutafuta mtandao. Tumerudi zama za barua, Aabo. Na naandika kwa Kiswahili, maana Kisomali chetu hakuna shule iliyotufundisha kukiandika, na Kizungu changu ulisema kimeota kiburi.

Umeuliza Waholanzi wananilisha ili nihesabu nini. Haya. Chukua mlinganyo mmoja wenye herufi tatu. Ukiuchora unapata uso, una mabonde na vilima kama mgongo wa ngamia. Sasa usiuchore. Upeleke kwenye ulimwengu mdogo wenye namba chache tu, tuseme saba, ambamo ukizimaliza unarudi mwanzo kama saa inavyorudi moja. Humo uhesabu ni nukta ngapi zinautimiza mlinganyo. Kisha unaupanua ulimwengu, unahesabu tena. Unaupanua tena, unahesabu tena. Hesabu hizo hazina mwisho, na zeta ni gunia moja tunamozitia zote.

Sasa ajabu yenyewe. Kila uso una umbo lililojificha ndani yake, na elimu ya kulichungulia inaitwa kohomolojia. Kwa nyuso za aina yangu umbo hilo hutoa namba ishirini na mbili tu. Hesabu zote, hadi Kiyama, hutoka humo. Na namba zenyewe huenda kwa jozi, ukiijua moja umeijua na ya pili yake, kwa hiyo ukihesabu mara chache za mwanzo umeshaujua uso mzima.

Karibu mzima. Inabaki alama moja, ya kujumlisha au ya kutoa. Hesabu zote nilizofanya zinakubali zote mbili, na nikikosea hiyo moja, uso ninaousema si huu, ni mwingine kabisa. Hesabu inayofuata ni kubwa mno, kompyuta ya chuo haiwezi kuimaliza kabla ya utetezi wa tasnifu yangu mwezi Juni. Msimamizi wangu anasema nitafute njia ya kuijua alama bila kuhesabu. Aabo, naogopa. Nikishindwa Juni viza imekwisha, na miaka yote hii imekwenda na maji.

Nisalimie wote kwa majina.

Binti yako,
Hani


Tarbaj, 26 Januari 2025

Hani macaan, mtamu wangu,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Mvua ndiyo imetusahau, na vumbi limekuwa mgeni asiyeaga.

Barua yako niliisoma kwa sauti wakati wa chakula. Hooyo alisikiliza mpaka mwisho kwa sababu ni wewe. Ilhan aliuliza kama huko Ulaya kazi zote nyingine zimekwisha. Keynan alisinzia kabla hatujafika kwenye gunia. Ayeeyo yako alikasirika. Unamjua: mifugo haihesabiwi, watoto hawahesabiwi, jicho lina njia zake. Yeye jioni husimama kwenye lango la boma akaita mmoja mmoja kwa jina, mbuzi kwanza, halafu sisi. Asipoitikia mtu, hafungi. Tawi la miiba la kuzibia lango hulivuta mwenyewe, na kila mwaka linamshinda zaidi, lakini nani atathubutu kumnyang'anya?

Mimi nimekuwa mtu wa ofisi ya mifugo maisha yangu yote. Nimehesabu mbuzi wa watu mpaka wakanichoka, na sijaona mbuzi aliyekufa kwa kuhesabiwa. Waliokufa walikufa kwa kutochanjwa. Nilipomwambia hivyo akanirushia tena ile sensa. Unaikumbuka? Nilikuwa karani, nikahesabu mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, hata nyumba yangu, na msimamizi akaniuliza, "Na mwenye nyumba hii alikufa?" Nilikuwa nimewaandika nyote nikajisahau mwenyewe. Ayeeyo alicheka mpaka akashika ukuta. Anayehesabu hujisahau, anasema.

Sasa suala langu, na usinijibu kwa adabu, nijibu kwa ukweli. Nikichanja mbuzi wa kijiji, kila aliyepata sindano nampaka rangi mgongoni, kwa sababu kesho nikipanua eneo nitamkuta tena kundini, na nisipoona rangi nitamchanja mara mbili. Wewe unapoupanua huo ulimwengu wako, zile nukta za kwanza si bado zimo? Huoni kuwa unazihesabu tena na tena? Rangi yako iko wapi? Nitalirudia suala hili hadi unijibu, unanijua.

Wiki ijayo natoka kwenda vijiji vya mashariki. Kuna homa ya mapafu ya mbuzi, na ofisi imeniomba nisaidie ingawa nimestaafu. Najua utaniambia habari za barabara. Watu wanasema mengi, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Lakini ugonjwa haungoji barabara itulie. Nitasafiri mchana tu, na Keynan nimemwambia abaki na mama yake.

Kuhusu hiyo alama, usiogope kabla ya wakati wake.

Hooyo anakusalimu. Ayeeyo anakusalimu na anasema ufunike kichwa, baridi huingilia masikioni. Ilhan anakusalimu. Keynan anakusalimu, nimemwamsha ili akusalimu.

Aabo yako,
Duale


Utrecht, 4 Februari 2025

Mpendwa Aabo,

Assalaamu alaykum. Natumai hujatoka bado. Kama hujatoka, usitoke. Kama umetoka, rudi. Haya nimeyasema, na najua hutanisikia, kwa hiyo nakujibu suala lako.

Ndiyo. Nukta ya ulimwengu wa kwanza imo katika wa pili, na wa tatu, na katika wote. Inahesabiwa tena na tena, umenikamata. Lakini rangi ipo. Kuna mzunguko mmoja unaozihamisha nukta zote kwa pamoja. Zile za ulimwengu wa kwanza hazitikisiki, ukizungusha zinabaki palepale. Zile zinazokuja na ulimwengu wa pili hubadilishana nafasi mbili mbili. Za wa tatu huzunguka tatu tatu. Kila nukta, hata iende mbali vipi, mwishowe hurudi mahali pake, na tunaijua kwa muda inaochukua kurudi. Hiyo ndiyo rangi yetu. Na zeta imetengenezwa kwa namna ambayo kila kundi, mwishoni, linahesabika mara moja tu.

Msimamizi wangu alipenda mbuzi wako kuliko mfano wake mwenyewe. Amewaiba, wiki hii anawafundishia darasani.

Nijulishe umerudi. Neno moja linatosha.

Binti yako,
Hani


Utrecht, 12 Machi 2025

Mpendwa Aabo,

Assalaamu alaykum, na Ramadhani iwe ya heri kwenu nyote. Natuma hii kwa simu ya Ilhan, maana yako haipokei. Barua yangu ya Februari ina tiki moja hadi leo. Nilimpigia Alio alipokuwa Wajir. Alisema nyote wazima, kisha akakata kabla sijauliza mara ya pili. Nimempigia tena na hapokei.

Sili futari vizuri. Nikiketi nafungua kwanza simu, halafu tende. Niandikie.

Hani


Tarbaj, 3 Aprili 2025

Mpendwa binti yangu Hani,

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Idd Mubarak. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, sisi sote huku ni wazima wa afya, na tunakuombea nawe uwe hivyo.

Pole sana kwa kimya. Simu yangu ilitumbukia kwenye birika nilipokuwa nikiwanywesha mbuzi, ikafa pamoja na yote yaliyokuwemo. Sasa natumia ya Ilhan. Barua yako ya Februari sikuipata. Kazi ya chanjo ilikwisha salama, nilichoka tu kidogo.

Tafadhali usiwe na wasiwasi, na usifikirie kabisa kuja nyumbani wakati huu. Njia si nzuri. Maliza masomo yako. Sote tunajivunia wewe na hesabu zako. Mtegemee Mungu, naye atakusahilishia.

Hooyo anakusalimu. Ayeeyo anakusalimu sana. Ilhan anakusalimu.

Aabo yako,
Duale


Utrecht, 7 Aprili 2025

Mpendwa Aabo,

Assalaamu alaykum. Nilikuwa kwenye ngazi za maktaba barua yako ilipoingia. Nilikaa chini palepale nikalia, na Mholanzi mmoja akanipa karatasi ya kujifutia machozi bila kuuliza lolote. Alhamdulillah. Alhamdulillah tena.

Nimeisoma tena na tena tangu siku hiyo, na kuna jambo linanitoboa. Aabo, Keynan yuko wapi?

Salamu zako nazisoma tangu nikiwa shule ya bweni Garissa. Hujawahi kumwacha mtu. Hata mwaka ule ulipogombana na mjomba Shuaib mkawa hamsemeshani, uliandika "Shuaib anakusalimu, nadhani." Sasa umewataja Hooyo, ayeeyo na Ilhan, ukanyamaza. Keynan ana miaka ishirini na miwili. Vijana wa umri wake ndio wanaotafutwa na kila mwenye bunduki, wa huku na wa kule. Wengine huitwa nje ya msikiti kwa dakika moja tu na hawaonekani tena. Nayajua haya, nimekua nayo.

Kama amechukuliwa, niambieni. Kama ameondoka kwa miguu yake akaenda nisikotaka kukutaja, niambieni pia. Msinifiche ili nifaulu mtihani. Nahesabu nukta huku nikimwaza, na msimamizi wangu amenikamata nikikosea kujumlisha kama mtoto.

Mwambie Keynan aniandikie mstari mmoja mwenyewe.

Binti yako,
Hani


Tarbaj, 21 Aprili 2025

Mpendwa binti yangu Hani,

Wa alaykum salaam. Sote wazima, alhamdulillah, na mvua imeanza kidogo.

Umenitia huzuni kwa hofu yako. Keynan ni mzima, hajaenda popote, analala hapahapa nyumbani na anakula kuliko sisi wote. Nilisahau tu kumtaja. Ni uzee, usinihesabie. Nimempa simu akuandikie, soma mwenyewe hapa chini.

*Abaayo, dada yangu, mimi Keynan. Wallahi niko. Niko mzima. Mnara haujajengwa ndiyo maana sikupigii. Usiulize sana, wewe soma tu.*

Hooyo anakusalimu. Ayeeyo anakusalimu. Ilhan anakusalimu. Na Keynan kama ulivyoona.

Aabo yako,
Duale


Utrecht, 28 Aprili 2025

Mpendwa Aabo,

Assalaamu alaykum. Natumai mvua inaendelea na mbuzi wamepata nguvu. Nimemsikia Keynan katika mstari ule, hata uvivu wake nimeusikia. Niliswali rakaa mbili za shukrani, kisha nikalala kama mtu aliyetua mzigo.

Na kuna habari. Nimeipata alama! Sikuhesabu hata nukta moja zaidi. Ilikuwa hivi: ndani ya uso kuna idadi moja iliyofichika ambayo hatuwezi kuiona moja kwa moja, lakini tunajua tabia yake. Lazima iwe namba ya mraba, kama tisa, kama kumi na sita. Haiwezi kuwa kumi na tano hata ulimwengu upinduke. Basi nikajifanya naamini alama ni ya kujumlisha. Nikaifuata taratibu, kwa heshima zote, bila kubishana nayo, mpaka ikanifikisha kwenye idadi ile. Ikatoka namba isiyo mraba. Kwa hiyo si kujumlisha, ni kutoa. Mtu akikudanganya, wakati mwingine huna haja ya kumhoji. Unakubali tu maneno yake na kutembea nayo hadi yafike mahali yasipoweza kusimama.

Na lile ulilonihakikishia Januari, kwamba kila nukta huhesabiwa mara moja tu na haifai hata kuuliza, nimeliweka ukurasa wa kwanza wa tasnifu kwa heshima yako. Au nimekunukuu vibaya? Nijibu upesi, kabla haijakwenda kuchapwa.

Binti yako,
Hani


Tarbaj, 11 Mei 2025

Mpendwa binti yangu Hani,

Wa alaykum salaam. Tu wazima. Hongera sana kwa kuipata alama. Tulifurahi wote, na Hooyo alitoa sadaka.

Hujaninukuu vibaya. Ndivyo nilivyokuambia, kila nukta mara moja tu. Nimefurahi umeyaweka maneno yangu kwenye tasnifu. Endelea hivyohivyo, na usiwe na wasiwasi na sisi.

Hooyo anakusalimu. Ayeeyo anakusalimu. Ilhan anakusalimu. Keynan anakusalimu.

Aabo yako,
Duale


Utrecht, 12 Mei 2025

Keynan, ndugu yangu,

Assalaamu alaykum. Natumai u mzima. Safari hii nauliza afya yako wewe, kwa sababu ni wewe ninayeandikiana naye tangu Idd.

Usikatae, umechoka kukataa. Januari Aabo aliniuliza kama nukta hazihesabiwi mara mbili, kama mbuzi asiyepakwa rangi. Aliapa atalirudia suala hilo hadi nimjibu. Jibu langu hakulipata, bado lina tiki moja. Na barua zako zote hazikuliuliza tena. Aabo amsahau mtu kwenye salamu, labda. Aabo asahau kubishana? Nikamsingizia maneno yaliyo kinyume kabisa na aliyoyasema. Yeye angeniandikia kurasa tatu za matusi ya upendo. Wewe ukaniambia hongera.

Nilikuogopea wewe, Keynan. Kwa wiki mbili nzima nilikuwa nakuona umelala mahali kwenye mchanga. Jina lako halikuwemo kwenye salamu, nami nikasema basi aliyepotea ni huyu. Sikukumbuka ile sensa. Jina lako halikuwemo kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukihesabu. Ulitutaja sote kama alivyokuwa akitutaja yeye, ukajisahau, kama alivyojisahau yeye. Damu ni ileile.

Naandika haya nimefunga mlango wa ofisi na nguo yangu nimeing'ata mdomoni ili wenzangu wasinisikie. Niambie yuko wapi. Kama amekufa, niambie amekufa. Utetezi wangu ni tarehe kumi na nane Juni na sijui kama nitaweza kusimama mbele ya watu, lakini kutojua kutaniangusha kabla ya hapo.

Nimekutumia tena ile barua yangu ya Februari. Ilikuwa yake. Mtu aisome.

Dada yako,
Hani


Tarbaj, 1 Juni 2025

Abaayo Hani,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Nisamehe. Sitaandika kwamba sote wazima.

Alitoka asubuhi, mapema Februari, na kisanduku cha chanjo na kopo la rangi. Gari alilopanda lilisimamishwa njiani na watu wenye silaha. Wanawake waliokuwemo wanasema abiria waliulizwa kazi zao, na Aabo akasema ukweli, kwamba anachanja mbuzi kwa niaba ya ofisi. Wakamshusha. Gari likaamriwa liende. Hawa wanasema ni wale, wale wanasema ni hawa, na kila anayesema hushusha sauti na kutazama nyuma. Mimi na Alio tulikwenda mpaka pale. Kopo la rangi lilikuwa kando ya barabara, kifuniko kimefungwa vizuri. Damu hatukuona. Tulikwenda ofisi baada ya ofisi, na kila moja ilituonyesha njia ya nyingine, mpaka mtu mmoja mwenye huruma akatuambia tusiulize sana kwa sauti.

Asubuhi ile alisema, "Hata nikichelewa, Hani asisumbuliwe mpaka Juni." Alisema nikichelewa. Hooyo akalishika neno hilo kama amri. Mimi ndiye ninayejua Kiswahili cha kuandika zaidi ya Ilhan, basi nikapewa simu. Nilifuta sana kabla ya kutuma. Sauti yake niliipata kidogo, lakini kubisha sikuweza, kila nikijaribu nilikuwa nasikia kama namtania marehemu, halafu najilaumu kwa hilo neno marehemu.

Hatujui, abaayo. Hiyo ndiyo habari yote. Sheikh amesema tusiswali swala ya maiti na Hooyo asikae eda, tungoje. Hooyo husema "Aabo yenu yuko." Ilhan ameanza kusema "alikuwa," na ayeeyo humfinya. Wewe uliipata alama bila kuhesabu, mimi nimekaa na hizi mbili, yuko na alikuwa, miezi yote na kila ninachokijua kinakubali zote. Simu ikirudi kutoka Wajir naogopa kuifungua, ikichelewa naogopa zaidi. Gari likipunguza mwendo nje ya boma letu, sote tunaacha kutafuna.

Barua yako ya Februari niliisoma kwa sauti wakati wa chakula, hadi mwisho. Sikusinzia. Nilipofika kwenye zile nukta zinazozunguka, ayeeyo akanisimamisha. Akauliza, "Hata zile zinazochelewa sana, zinarudi?" Nikamwambia Hani anasema mwishowe hurudi mahali pake. Akasema, "Basi hiyo si hesabu mbaya," akaniambia nisome tena hapo.

Simama tarehe kumi na nane. Ndilo alilotaka, na ni moja katika machache tunayoyajua kwa hakika. Ukimaliza, ukitaka kuja, njoo hadi Wajir kwa ndege. Usipite barabarani.

Jioni ayeeyo bado anaita. Mbuzi kwanza, kisha Hooyo, Ilhan, mimi. Wewe pia anakuita, nami ndiye ninayeitikia kwa niaba yako. Halafu anamwita Duale. Anangoja, anaita tena, na anapokosa jibu anaingia ndani na kutandika mkeka wake. Tawi la miiba liko chini palepale tangu Februari. Majirani wanamsihi, wanasema nyakati hizi hakuna mtu anayelala lango wazi, na wanasema kweli. Nimelala karibu na lango kila usiku, na panga ubavuni, na sikufichi kwamba naogopa. Lakini tawi sijalivuta.

Hooyo anakusalimu. Ayeeyo anakusalimu. Ilhan anakusalimu. Mimi Keynan nakusalimu.

Mdogo wako,
Keynan